UZI: Mrehani na kivumbasi Dar, miti tunayoiua kwa kuihurumia

Mkaa Tabata (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, na walionizidi umri shikamooni.

Jumamosi jirani yangu hapa Tabata alinigongea geti, mkononi kashika kopo la rangi lenye mrehani uliobaki vijiti vitupu. Mche ule nilimpa mwenyewe mwezi wa pili. Akaniambia, "Dada, nimeumwagilia asubuhi na jioni, sijaugusa hata jani, sasa umekufaje?" Nikaligeuza lile kopo: chini halina tundu hata moja, maji yamesimama humo kama kisimani. Na kwa kuwa haukuguswa, mti ulikuwa umeshatoa maua, umeshabeba mbegu, shina limekuwa kuni.

Mirehani mingi niliyoiona ikifa mjini hapa imekufa hivyo. Mtu anaipenda, anaijaza maji, halafu anaogopa kuikata.

Mimi nimeikuta kwa bibi yangu Temeke. Nyumba ya kupangisha vyumba, ua mmoja katikati, na mrehani umekaa kando ya pipa la maji ya kutawadhia. Aliyemaliza kutawadha, maji yaliyobaki kwenye kopo aliyamwaga pale. Kidogo tu, na ardhi ya Temeke ni mchanga, maji yanapita. Kila Alhamisi jioni bibi alikata vilele kwa mkasi wake wa kushonea: vingine vya kikuba (kile kishada cha maua ya kunukia cha kujipamba), vingine vya kuweka chini ya mto, vingine vya kumpa yeyote aliyepita. Ule mti niliujua tangu nasoma la pili na nimemaliza la saba upo (ukichoka alikuwa akichomeka kijiti chake pembeni, kikaendelea). Nilidhani bibi ana mkono wa baraka. Nilipoanza kupanda mwenyewe ndipo nikaelewa kwamba ile Alhamisi ndiyo ilikuwa dawa.

Sasa mti wenyewe. Mrehani ni Ocimum basilicum, ukoo wa mnanaa. Ukitaka kujua kama mmea ni wa ukoo huu, shika shina ulizungushe kati ya vidole: lina pembe nne. Majani yanakaa mawili mawili yakitazamana, na jozi inayofuata imekatiza ile ya chini. Ua lina midomo miwili, wa juu na wa chini, nyuki anatua kwenye ule wa chini kama anayekanyaga kizingiti. Ukoo huu una spishi kiasi cha 7,000, rozimeri humo, na hata mtiki, ile miti mirefu ya mbao mnayoiona Longuza kule Muheza. Nilipolijua hilo nilikaa siku nzima nikimtazama mrehani wangu wa kwenye ndoo kwa heshima nyingine.

Jina limetoka Kiarabu, raihani. Limo ndani ya Qur'ani, Surat Ar-Rahman aya ya 12. Ile rehani ya kuweka shamba au cheni ya dhahabu ni neno lingine kabisa la Kiarabu, yamekutana tu kwenye ulimi wetu.

Kuotesha ni rahisi. Mbegu ni nyeusi, ndogo kama ufuta uliosinyaa. Ukizilowesha zinajivika utando mweupe wa kuteleza. Ndizo zile zinazoelea kwenye glasi ya faluda. Usizifukie, nyunyiza juu ya udongo laini, funika kwa vumbi la udongo unene wa nusu sentimita, basi. Kwa joto la Dar siku ya 5 mpaka ya 7 zimechomoza. Wiki ya tatu au ya nne, mche ukiwa na jozi mbili tatu za majani, hamisha. Nafasi sentimita 30 kama ni ardhini. Kama ni ndoo ya lita 10, mti mmoja, na toboa matundu chini yasiyopungua matano.

Udongo wangu: sehemu mbili za udongo wa kawaida, moja ya mboji, moja ya makumbi ya nazi yaliyosagika. Makumbi yanashika unyevu bila kutuamisha maji. Hapo Buguruni wauza nazi wanayatupa, nenda na kiroba.

Kisha kukata. Mti ukifika kimo cha shubiri moja, una jozi nne za majani, kata kilele juu kidogo ya jozi ya pili kutoka chini. Usione vibaya. Kwenye kwapa la kila jani kuna chipukizi limelala likisubiri. Ukiondoa kilele yanaamka mawili, matawi mawili. Baada ya wiki mbili yakate na hayo, yanakuwa manne. Kuanzia hapo usizidishe theluthi ya mti kwa mara moja. Ukiuacha utoe maua, nguvu zote zinakwenda kwenye mbegu, majani yanapungua na kuwa madogo, shina linakauka ugumu, na mti unahesabu kazi yake imekwisha.

Karibuni na maswali, nitajibu kwa kadiri ninavyojua.

Upepo wa Kusi

Shukrani dada kwa uzi. Mimi niko Kigamboni, maji yangu ni ya kisima. Majani yanaungua pembeni, kahawia, kama yamepigwa pasi. Jua au nini?

Mkaa Tabata

Onja maji yako mkuu. Kama yana chumvi, jibu ndilo hilo. Chumvi inakusanyika kwenye udongo wa kopo siku hadi siku, kwa sababu maji yanapanda hewani na yenyewe inabaki. Utaiona kama ukungu mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa ndoo. Kinga maji ya mvua ya vuli na ya masika kwenye pipa, uyatumie kwa mirehani tu kama ni machache. Na mara moja kwa wiki mimina maji matamu mengi kwa mpigo mpaka yatoke chini kwa wingi, yaondoke na ile chumvi. Kumwagia kidogo kidogo maji ya chumvi kila siku ndiko kunakouchoma zaidi.

Jua la Januari na Februari nalo lina haki yake, lakini dalili yake ni kulegea saa saba na kusimama tena jioni. Ukiuona umelegea mchana usikimbilie ndoo. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kama kuna unyevu, uache.

Mchuuzi wa Kisutu

Nauza majani sokoni Kisutu mwaka wa tisa huu, naomba niongeze la biashara, maana vijana wengi wanaleta mzigo unaokataliwa.

Wapishi wa hoteli na wa piza wanataka ule wa majani mapana yaliyobonyea kama kijiko, uliotoka Italia upande wa Genoa. Ule wa bibi zetu wenye majani membamba hawauchukui, harufu yake kwao ni kali. Shada likiwa na ua hata moja wanalirudisha. Kata asubuhi mapema umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Mimi mzigo wa saa tano naujua kwa kuushika tu, umeshalegea.

Na jamani, ACHENI KUWEKA KWENYE FRIJI. Mtu analeta shada jeusi analia amepata hasara. Mrehani ni mti wa joto, baridi ya chini ya nyuzi 10 inaupasua ndani, jani linageuka jeusi. Mnanaa unaweka kwenye friji, giligilani unaweka, rehani hapana. Weka vikonyo kwenye glasi ya maji, kivulini, kama ua la mezani. Unakaa siku nne tano. Ukikaa zaidi utaona umetoa mizizi humo humo, uupande.

Mama Kikuba

Asalaam alaykum. Nimesoma yote, mwanangu mleta uzi umesema vizuri, lakini hapo kwenye maua hatujakubaliana.

Mimi natunga vikuba vya maharusi miaka mingi, Kariakoo wananijua. Kikuba bila kichwa cha rehani kilichochanua hakijakamilika. Unachukua asumini, unachukua mkilua ukiupata, waridi, na kile kishada cha rehani chenye maua madogo meupe na majani yake machanga. Harufu ya rehani inazinduka zaidi ikiwa na ua. Hilo jani pana la hoteli halina kazi kwangu, linanuka jikoni. Nataka ule ule wa Temeke, wenye shina la kizambarau.

Halafu vijana wanausahau: mtu akikupa rehani usikatae. Tumefundishwa katika hadithi ya Mtume kwamba ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Bibi yako alikuwa anampa kila anayepita, alikuwa anajua anachofanya.

Mkaa Tabata

Wa alaykum salaam mama, shikamoo. Nimekubali na nimejirekebisha. Nilikuwa nafikiria jani peke yake.

Basi niseme hivi: amua mti ni wa nini kabla hujashika mkasi. Wa jani, ukate kila wiki mbili na ua usilione. Wa kikuba, ukate mara mbili za mwanzo uwe na matawi mengi, halafu uache vilele vyote vichanue pamoja, uvivune ua la chini likiwa limefunguka na la juu bado limefumba. Bibi alikuwa anafanya hivyo hivyo, kukata Alhamisi kulikuwa kuvuna maua, na kuvuna maua kukawa ndiko kuupogoa. Sikuwahi kuyaunganisha mpaka uliponiandikia sasa hivi mama.

Na wenye matango au maboga uani, acheni mti mmoja wa mrehani uchanue tu. Nyuki wanaupenda mno, hata wale nyuki wadogo wasiouma. Wakija kwa rehani wanapita na kwenye tango.

Goba Juu

Dada msaada wa haraka. Mirehani 40, majani mapana, niliipanda Machi. Majani yamegeuka manjano katikati ya mishipa. Nimeweka urea nikidhani njaa. Hali imezidi.

Mkaa Tabata

Geuza jani. Chini yake kuna nini?

Goba Juu

Kama vumbi. Kijivu, linaelekea zambarau. Nilidhani ni vumbi la barabara.

Mkaa Tabata

Pole sana mkuu. Huo ni ubwiri vinyoya. Njano inakaa kama viraka vilivyofungwa na mishipa, na lile vumbi la chini ndilo mbegu za ukungu wenyewe, Peronospora belbahrii. Njaa ya naitrojeni haina vumbi, na huanza kwenye majani ya chini jani zima likipauka.

Ugonjwa huu uliandikwa kwanza hapa kwetu Afrika Mashariki, Uganda, miaka ya 1930. Ukakaa kimya. Mwaka 2001 ukaonekana Uswisi, kisha Italia, na 2007 ukafika Florida, Marekani, ukawamaliza wakulima wa rehani huko. Unasafiri kwa upepo na pia ndani ya mbegu. Ile ya majani mapana ya Kiitaliano ndiyo unaipenda kuliko zote. Umepanda aina inayougua kirahisi, mwezi wa masika, na majani yakalala yamelowa usiku kucha.

Usizikate-kate kuokoa. Ng'oa zilizoonyesha vumbi, zifunge kwenye mfuko papo hapo kabla hujatembea nazo, na usizitupe kwenye mboji. Fanya asubuhi majani yakiwa bado na umande, mavumbi hayapeperuki sana. Zile safi zipanulie nafasi, umwagilie shinani, asubuhi, maji yasiguse jani. Urea acha, majani laini yenye maji mengi ndiyo chakula chake. Kuhusu dawa, mwone afisa ugani wa kata yako na jani mkononi. Nisingependa unyunyize chochote kwenye jani ambalo mtu atalila kesho likiwa bichi.

Mwakani majani mapana yapande Juni, masika yakiisha, kipindi cha kusi, hewa kavu na inapita. Masika baki na ule wa kienyeji. Mimi kwangu umevumilia.

Goba Juu

Nimeng'oa 26. Imeniuma sana. Asante kwa kunijibu usiku huu.

Mwenye Kibaraza

Kivumbasi umekitaja kwenye kichwa cha habari halafu kimya. Kwetu tunafukuzia mbu. Je ni mrehani pori?

Mkaa Tabata

Ni kweli nimekiacha, samahani. Ni ndugu, wa jenasi moja, si mti mmoja. Na jina kivumbasi watu wanawapa ndugu zaidi ya mmoja. Kile kichaka kinachofika kimo cha mtu, jani limechongoka kingo kama msumeno, ukilisugua unasikia karafuu, ni Ocimum gratissimum. Karafuu unayoisikia si dhana yako: mafuta yake yana eujeno, kitu kile kile kinachoipa karafuu ya Pemba harufu. Kuna mwingine unanuka kafuri, ile ya kwenye maji ya kuoshea maiti. Huo ni Ocimum kilimandscharicum, wamempa jina la Mlima Kilimanjaro.

Kukipanda hakuna kazi. Kijiti cha shubiri, ondoa majani ya chini, chomeka mchangani mvua ikianza. Kinaishi miaka, kata kichwa kisije kikalala. Wenye maharage au mahindi ya kuhifadhi, majani yake makavu kwenye gunia yanapunguza wadudu, bibi zetu walifanya hivyo.

Mbu sasa. Watafiti Afrika Mashariki wamekipima, kikiwa kwenye kopo na kikichomwa, na wamekuta kinapunguza mbu. Kinapunguza. Hakiwaondoi wote. Kwa hiyo mtoto alale kwenye chandarua, hilo sitanii nalo. Na angalieni sahani mnazoweka chini ya makopo ya maua: maji yaliyosimama humo siku saba ni kiota cha mbu yule wa madoa meupe anayeuma mchana, aliyetuletea dengi hapa Dar mwaka 2014 na 2019. Mwageni, au wekeni mchanga kwenye hiyo sahani.

Mzee wa Samadi

Mnazungumza sana, mbolea ya kuku tu inatosha. Mimi naweka ikitoka bandani, mirehani inakuwa kama mchicha.

Mchuuzi wa Kisutu

Mzee wangu shikamoo. Mzigo wa mbolea ya kuku nyingi naujua, jani kubwa, jeupe jeupe, halina harufu. Mpishi analinusa anaweka chini.

Mkaa Tabata

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwamba ni mbolea kali na nzuri, ila ikikaa kwanza. Ikitoka bandani ina joto na ina chumvi nyingi, kwenye ndoo ndogo inachoma mizizi. Shambani kwako mvua inaisambaza, sisi wa kwenye makopo haina pa kwenda. Irundike, ichanganye na majani makavu au pumba za mpunga, igeuze kila wiki, iache miezi mitatu. Pia tunakula hili jani bichi, samadi mbichi inabeba vijidudu vya tumbo.

Na la mchuuzi ni kweli kabisa. Harufu inakaa kwenye vijifuko vidogo vya mafuta juu ya jani. Mti ukinyweshwa na kushibishwa mno, jani linakua haraka kuliko mafuta yake.

Upanga Ghorofa ya Tatu

Majirani zangu Wahindu wana mmea kama huu kwenye kizimba cha saruji barazani, wanauwashia taa jioni. Niliwahi kuomba jani nitie kwenye mchuzi, mama wa nyumba akanikatalia kwa upole. Ndiyo huu?

Mkaa Tabata

Huo ni tulasi, Ocimum tenuiflorum, ndugu mwingine. Kwao ni mti wa ibada, ndiyo maana. Shina lake lina vinyweleo, jani dogo, harufu kama karafuu na pilipili manga. Usiombe jani tena. Ila mbegu zikipukutika sakafuni ukawaomba mche, naamini watakupa kwa furaha, na wewe utautunza ukijua ulikotoka.

Upepo wa Kusi

Swali la mwisho kwangu. Nina mrehani mpana na ule wa kienyeji ndoo zimegusana. Nikivuna mbegu?

Mkaa Tabata

Zitachanganyika. Nyuki hawabagui, wanahamisha chavua kutoka huu kwenda ule, na watoto watakaoota watakuwa katikati, jani si pana wala harufu si ya kikuba. Ukitaka mbegu safi, uache mmoja uchanue mwezi huu na mwingine ukatwe vilele, mwezi mwingine ubadilishe. Subiri kishada kikauke kuanzia chini, rangi ya kahawia, kikate kabla hakijapukutisha, kianike kivulini juu ya gazeti. Kila kikombe cha ua kina mbegu mpaka nne. Sugua kwa viganja, pepeta, weka kwenye chupa kavu.

Kama unataka mti uwe yule yule bila kubahatisha, usitumie mbegu. Kata kijiti kisicho na ua, kiweke kwenye glasi dirishani, badilisha maji kila siku mbili. Wiki moja hadi mbili kina mizizi.

Mama Kikuba

Mwanangu, ule wa bibi yako bado upo?

Mkaa Tabata

Nyumba iliuzwa mama, ua ukamwagiwa zege. Lakini wiki ya msiba shangazi alichukua vijiti vitatu akaviweka kwenye chupa ya maji kwenye basi la Tanga, na miaka miwili baadaye akanirudishia kimoja. Ndio nilionao kwenye ndoo ya bluu, na ndio niliompa jirani yangu. Jumamosi ile tulipata kijiti kimoja cha kijani chini kabisa ya lile kopo, kiko dirishani kwake, na jana amenitumia picha: kimetoa uzi mweupe wa kwanza.

Nitakutengea matawi ya Alhamisi mama. Niambie tu niyaletee wapi pale Kariakoo.